Umechoka na kodi, unataka kuhamia botini? Ngoja kwanza!

Kama wewe ni mpangaji, iwe Kasulu mjini, Kibondo au huko Dar kwa wajanja, hadithi hii huhitaji kusimuliwa. Chumba ni kimoja, ukuta umepasuka, choo mnachangia kaya sita, luku ikiisha kila mtu anajifanya amelala. Pamoja na yote hayo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hodi yenyewe inapigwa alfajiri, kabla hujapata pa kukimbilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umeamkaje? Nimekuja kukukumbusha lile jambo letu."

"Mama, naomba univumilie mpaka mwisho wa mwezi."

"Nakuelewa mwanangu, lakini na mimi nina watoto wanasoma. Halafu kuanzia awamu hii bei imepanda kidogo."

Mama akishaondoka, kijana analala chali, anaangalia bati, anaanza kuota. Ningekuwa na boti yangu mimi! Nalala majini, naamka majini, samaki nawavua hapohapo, jirani mbea hayupo, na hodi ya alfajiri hakuna, labda apige kiboko. Kodi kwaheri!

Usicheke. Ndoto hiyo ina watu wengi duniani, na wengine wameitimiza. Kwenye nchi za joto kama zetu, ambako hakuna baridi ya kukugandisha usiku, inaonekana nyepesi zaidi. Ndiyo maana wiki hii tumeona tuifungue, tuipekue ndani na nje, halafu wewe mwenyewe uamue kama ni dili au ni kimeo.

MTOTO WA MILIMANI NA MAJI

Tuanze na sisi wa huku juu. Kasulu na Kibondo ni nchi ya vilima, maharage, muhogo, migomba na asali. Boti huku utaiona kwenye kalenda. Lakini maji hayako mbali kama unavyodhani. Kutoka Kasulu mpaka Kigoma mjini, ziwani kabisa, ni chini ya kilometa 100. Kutoka Kibondo ni zaidi ya kilometa 200, lakini kwa basi bado ni safari ya siku moja.

Halafu kuna mto wetu wenyewe, Malagarasi. Unaanzia kwenye milima ya upande wa Burundi, unapita katika nchi hii ya Waha, unajaza mabwawa makubwa, kisha unakwenda kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, kusini mwa Ujiji. Mabwawa yale ya Malagarasi na Muyovozi si ya mchezo. Mwaka 2000 yaliandikishwa katika mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu za dunia, yakawa ya kwanza kwa Tanzania nzima.

Sasa kabla hujakimbilia kutia boti yako Malagarasi kwa kuwa ni karibu na kwa shangazi, kumbuka wenyeji wa pale ni viboko na mamba. Hao hawana habari na mkataba wako wa upangaji. Isitoshe, maji ya mto hupanda masika na kushuka kiangazi. Boti uliyoiacha inaelea mwezi wa nne, mwezi wa tisa unaweza kuikuta imekaa kwenye matope kama bata mgonjwa.

Kwa hiyo tukubaliane: kijana wa huku akisema anahamia botini, anamaanisha ziwani. Na vijana wa Kasulu na Kibondo kuteremka Kigoma kutafuta maisha si jambo geni. Swali ni kama utateremka na akili au utateremka na hasira za kodi tu.

WANAOISHI MAJINI KWELI NI NANI?

Watu wengi wana picha ya mzungu aliyevaa kaptula, miwani ya jua, amekaa juu ya yoti nyeupe anakunywa kitu baridi. Wapo kweli. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, ndani ya mkono wa bahari uliojificha upepo, utakuta mashua za tanga za watu kutoka nchi mbalimbali zimetia nanga, wenyewe wanaishi mlemle. Lakini ulizia vizuri. Wengi wa aina hiyo wana pensheni, au wana nyumba kwao waliyoipangisha. Yaani, kwa lugha nyingine, anayelipia boti ni mpangaji wa mtu huyo! Wewe unakimbia kodi, mwenzio anaishi kwa kodi.

Wa pili ni mabaharia wetu wa jadi. Kwa karne nyingi majahazi ya Waarabu na Waajemi yalikuja pwani hii na upepo wa kaskazi, kuanzia kama mwezi wa Desemba, yakasubiri mpaka kusi ivume kuanzia Aprili yapate kurudi. Miezi yote hiyo Zanzibar, Mombasa au Lamu, mabaharia walilala humohumo chomboni. Mwandishi mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 mpaka 1939, wakafika Zanzibar na delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Watu wale waliishi chomboni kwa sababu chombo ndicho kilichokuwa kazi yao. Hakuna aliyelala pale kwa kumkwepa mwenye nyumba.

Wa tatu ni wale wa London. Huko nako kodi ni balaa, hivyo maelfu ya watu wamehamia kwenye boti nyembamba ndefu zilizo kwenye mifereji. Umeona ujanja? Subiri. Chombo lazima kiwe na leseni ya kulipia kila mwaka. Na kwa sheria yao ya mwaka 1995, kama huna gati la kudumu, ambalo nalo unalilipia, haturuhusiwi kuganda sehemu moja zaidi ya siku 14. Ikifika siku hiyo, ng'oa kamba, sogea mbele, iwe mvua iwe theluji. Huku kwetu mpangaji anapewa notisi ya miezi. Kule notisi ni wiki mbili, na inajirudia maisha yako yote.

Wa nne ndio walio karibu nasi: wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Hawa hutoka jioni, wanawasha taa zao, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa, na asubuhi wanarudi mwaloni. Usiku mzima wako majini. Lakini asubuhi wanakwenda kulala wapi? Nchi kavu! Kwenye chumba, kibanda au kambi. Watu wanaolijua ziwa kuliko mtu yeyote, wakipata nafasi ya kulala, wanalikimbia. Mtoto wa mjini, hapo jiulize mara mbili.

ZIWA NALO NI MWENYE NYUMBA

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Ukihamia botini hujamkimbia mwenye nyumba, umebadilisha tu. Yule mama wa alfajiri unaweza kumwambia "nivumilie", akaguna, akakusikiliza. Ziwa halina sikio.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670 na kina chake kinafika mita 1,470 hivi. Duniani linazidiwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Sifa hiyo ni nzuri ukiwa darasani. Ukiwa na boti ya kulala ni kasheshe, kwa sababu sehemu nyingi za ufuko wake zinaporomoka ghafla. Unatoka hatua chache tu, chini hapaonekani. Sasa nanga inataka kamba yenye urefu wa mara tano mpaka saba ya kina cha maji ili ishike vizuri. Ukitia nanga kwenye mita 30, andaa kamba ya mita 150 mpaka 210. Hiyo ni kamba tu, bado hatujazungumza chombo.

Kusi nayo ina zamu yake. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki unapita ziwani kwa urefu wake wote, mawimbi yanapata uwanja wa kukimbilia. Msimu wa mvua una dhoruba zake za ghafla, radi juu, mawimbi chini. Ndani ya ghuba ya Kigoma kuna ahueni, lakini ahueni hiyo ndiyo kila mwenye chombo anaitaka, kwa hiyo nafasi haigawiwi kama karanga.

Halafu ziwa lenyewe halikai pale ulipoliacha. Kuanzia 2020 na 2021, na tena 2024, maji yalipanda mpaka yakaingia kwenye nyumba, barabara na miundombinu ya kando ya ziwa, upande wetu wa Kigoma na kwa wenzetu wa Burundi na Kongo. Mtu unaweza kudhani hiyo ni raha kwa mwenye boti, si anaelea? Kweli anaelea. Ila ngazi ya kushukia, kibanda cha kuwekea mizigo, duka la mangi na njia ya kwenda kazini ndivyo vilivyozama.

HESABU BILA USHABIKI

Tufanye hesabu ya mfano, kalamu mkononi. Tuseme chumba chako ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 480,000. Inauma, hilo hakuna anayebisha.

Tuseme sasa umejibana, umekopa, umeuza na baiskeli ya marehemu babu, ukapata boti ya mbao yenye paa, ya shilingi 5,000,000. Wenye boti huko duniani wana kanuni yao ya kukisia: kila mwaka tenga kama asilimia 10 ya thamani ya chombo kwa matengenezo. Asilimia 10 ya 5,000,000 ni 500,000. Umeona? Umemkimbia mwenye nyumba wa 480,000, umemkuta mwenye nyumba wa 500,000. Na hapo bado hujalipa deni la kununulia.

Hizo 500,000 zinakwenda wapi? Boti ya mbao inakunywa maji polepole, hiyo ni tabia yake. Mbao zinachakaa, maungio yanafunguka. Inabidi ivutwe nchi kavu, ikaukwe, izibwe upya nafasi za mbao kwa pamba na mafuta, kazi ambayo mafundi wa pwani wanaiita kukalafati, halafu chini ipakwe dawa. Kila siku kuna kufua maji yaliyojikusanya ndani. Ukisafiri kwenda msibani Kibondo siku nne, lazima uache mtu wa kufua, naye halali bure.

Wahenga wa pwani walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa sisi wa milimani tufafanue. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini tumboni ambako maji machafu hujikusanya. Yaani zunguka utakavyozunguka, jidai mbele, jidai nyuma, mwisho utashuka chini na kopo lako kufua maji.

Mafuta je? Injini ya kupachika ya nguvu za farasi 15, ukiikaza, hunywa lita kama tano mpaka saba kwa saa. Ukisahau chumvi sokoni, ujue chumvi hiyo itakuja na gharama ya petroli. Umeme utataka sola na betri, na betri nazo huzeeka. Injini yenyewe usiku itataka mlinzi, maana wezi wa injini ziwani wapo, na hawapigi hodi hata hiyo ya alfajiri.

CHOO, NDUGU YANGU, CHOO!

Kwenye picha za yoti choo hakionekani. Lakini maisha bila choo si maisha. Botini una njia mbili. Ya kwanza ni choo chenye tangi, ambacho utakipeleka kumwagwa sehemu inayoruhusiwa. Ya pili ni kumwaga ziwani, mita mbili kutoka unapochota maji ya chai. Hiyo ya pili ni ujinga, na mkoa wetu una ushahidi wake mchungu.

Mei 2015, Burundi ilipochafuka, makumi ya maelfu ya watu walivuka wakajazana Kagunga, kijiji kidogo cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Njia rahisi ya kutoka pale ilikuwa maji. Meli ya Liemba ilisimama mbali kidogo na ufuko, watu wakapelekwa kwa boti ndogo, ikawa inabeba kama 600 kwa safari mpaka Kigoma. Kutoka hapo mabasi yakawapandisha huku kwetu, kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Lakini kabla ya kuondoka, kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Watu walikuwa wengi, vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa ni yaleyale ya ziwa. Wagonjwa walikuwa maelfu na watu wapatao 30 walifariki.

Ziwa lilikuwa pale, kubwa, safi kwa macho, linang'aa. Maji mengi si maji salama. Ongeza kichocho kwenye maji ya kina kifupi, ongeza mbu wa malaria ambao Kigoma si hadithi, halafu uniambie chandarua utakitundika wapi kwenye boti inayoyumba.

SHEMEJI AKIJA KUKAGUA

Tuje kwenye mambo ya kijamii, maana binadamu hali dagaa peke yake. Umempata binti wa watu Kasulu, mnapendana, mambo mazuri. Siku moja kaka yake anasema anataka kuja kuona dada anaishije. Utamwambia, "Karibu shemeji, vua viatu, shika kamba, ruka"? Mama mkwe naye akija kutoka Kibondo na mkungu wa ndizi na kuku wawili, utampandishaje? Mtoto akianza kutambaa, utamfunga kamba kiunoni kama mbuzi?

Shati la kazini lipigwe pasi wapi? Mwalimu, nesi, karani wa benki, mtu wa shirika, wote hawa wanatakiwa kufika wamenyooka. Ukifika kila siku unanuka petroli na dagaa, bosi hatakuuliza unapunguzaje gharama za maisha. Atakuuliza una tatizo gani.

Na kuna suala zito zaidi: unaishi mtaa gani? Hapa kwetu ukitaka mkopo, ukitaka dhamana, ukitaka kazi, mara nyingi utaambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mwenyekiti akuandikie kuwa ni mkazi wa wapi? Wa wimbi la tatu kutoka Bangwe? Ziwa lile ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ukilala usingizi mzito na kamba ikakatika, unaweza kuamka kwa afisa uhamiaji asiyekuelewa.

Chombo nacho hakiishi kienyeji. Kinatakiwa kusajiliwa, kukaguliwa na kupewa leseni, kiwe na maboya ya kujiokolea kwa kila aliyemo. Usione ni usumbufu wa bure. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 21, 1996. MV Nyerere ikapinduka kule Ukara Septemba 20, 2018, zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Maji hayana "samahani, sikujua".

MIEZI MITATU YA 2024

Labda utasema, mimi nitakuwa mvuvi kabisa, boti itanilisha. Sawa, hilo ni wazo la maana zaidi. Lakini lijue vizuri.

Kwanza, dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa pevu, taa haziwavuti, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Kila mwezi una siku zake za bila kipato. Pili, mapato ya usiku hugawanywa baada ya kutoa gharama kama mafuta, na mwenye chombo ana fungu lake. Wewe kijana mgeni ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Tatu, samaki wamepungua, na serikali za nchi zinazolizunguka ziwa zimekubaliana kulipumzisha. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15. Ni jambo la busara kwa samaki wazaliane. Lakini miezi mitatu ni robo ya mwaka. Boti zilivutwa juu zikakaa. Mtu mwenye shamba la maharage Kasulu alikuwa na pa kushika. Mtu ambaye kila senti yake imo ndani ya boti, alikuwa na boti tu.

SOMO LA LIEMBA

Kama kuna chombo cha kutufundisha, ni Liemba hiyohiyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli mpaka Dar na kwa reli kuelekea Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Vita vilipowageukia Wajerumani mwaka 1916, mafundi wao wenyewe waliizamisha, karibu na mahali ambapo Malagarasi yetu inamwaga maji. Lakini kabla ya kuizamisha walipaka injini grisi ya kutosha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaikuta inatengenezeka, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Meli ile imepita miaka 100 kwa sababu kila zama alikuwepo mtu wa kuitunza, mwenye ufundi na fungu la fedha. Miaka ya karibuni nayo imelazimika kuingia kwenye matengenezo makubwa. Chombo cha majini hakimhurumii mtu aliyekikimbilia kwa ukata. Kinamtaka mtu aliyejiandaa.

SASA TUFANYEJE?

Kama damu yako kweli ni ya maji, usiseme tumekuzuia. Fanya hivi. Jifunze kuogelea kwanza, kabla ya kununua hata kasia. Nenda Kibirizi au Katonga, omba kibarua chomboni msimu mzima, kusi na masika, bila kuacha chumba chako. Wasalimie wazee wa mwaloni, kaa nao, sikiliza wanavyosoma mawingu. Fuata utabiri wa hali ya hewa kila siku. Baada ya mwaka mmoja, kama bado unataka kulala majini, basi wewe ni baharia na Mungu akutangulie.

Lakini kama sababu ni kodi, basi ugonjwa wako unatibiwa nchi kavu. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo ngao yako kubwa ni mkataba. Uwe wa maandishi, useme bei, muda, na notisi ya kupandisha au kutoka. Kila unacholipa dai risiti, hata kama mama ni mcheshi na anakuita mwanangu. Omba kulipa kwa miezi mitatu badala ya sita. Wawili au watatu mnaoaminiana pangeni nyumba nzima, mara nyingi inatoka nafuu kuliko vyumba vya mmoja mmoja.

Na huku juu tunayo bahati ambayo wenzetu wa mijini mikubwa wanaitamani. Udongo wa kufyatua tofali upo, mafundi wa kuchoma tofali wapo, na kiwanja cha pembeni kidogo ya mji bado mtu wa kipato cha chini anaweza kukifikiria. Kila mara mashirika yalipomiminika na magari yao, miaka ya 1990 na tena kuanzia 2015, nyumba nzuri za Kasulu na Kibondo zilikuwa za kugombaniwa. Walioshangilia siku hizo ni wale waliokuwa wamejenga, hata vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Walionuna ni wapangaji wenzetu.

Ile 5,000,000 ya boti, ukiielekeza kidogo kidogo kwenye kiwanja chenye karatasi halali, msingi, tofali na bati, haitakupa nyumba ya kifahari. Itakupa banda lako. Banda halihitaji kufuliwa maji kila asubuhi, halikatiki kamba usiku, na likikaa miaka kumi thamani yake hupanda wakati ya boti inashuka. Na likipata vyumba viwili, cha pili unapangisha. Hapo hodi ya alfajiri utakuwa unaipiga wewe.

Ukifikia siku hiyo, mshikaji, usimpandishie mpangaji wako bila taarifa.